Seva Iliyokataa Anwani Mpya

Siku waliyoniaga, mkurugenzi wetu, Daktari Mbarouk, alisimama mbele ya wafanyakazi akasema kwamba katika miaka yote niliyokaa chumba cha seva sijawahi kuharibu kitu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza nikala keki, kwa sababu si adabu kumkatiza mtu anayekusifu, hasa akiwa ndiye aliyeshika kisu. Lakini yeye anajua kwamba si kweli, nami najua kwamba anajua. Nimekaa nyumbani Kiembe Samaki wiki mbili sasa na maneno yale hayajanishuka. Nyinyi wenzangu mliobaki kazini mliniomba niwaandikie machache niliyojifunza kuhusu mitambo. Basi nayaandika, na hilo moja nitaliandika pia.

Vyeo na mishahara nitavipita. Havimfundishi mtu kazi.

Nilipoanza hapakuwa na chumba cha seva. Hospitali ilikuwa, kama ilivyo leo, ndani ya nyumba ya zamani ya ghorofa tatu Mji Mkongwe, na mitambo yetu yote, yaani kompyuta mbili na printa moja yenye makelele, ilikaa kwenye ghala ya dawa ghorofa ya chini. Mkubwa wa ghala ile alikuwa Bwana Ramesh, fundi wa redio aliyehamia kwenye kompyuta baada ya watu kuacha kuleta redio. Alizaliwa ghorofani juu ya duka la vitambaa la baba yake, mwendo wa dakika tano kutoka hospitali, na sidhani kama aliwahi kufika kazini amechelewa au amewahi.

Siku ya kwanza hakunifundisha kompyuta. Alinipa tochi na brashi ya rangi akaniambia nisafishe feni. Nyumba zetu zile chokaa hudondoka ukutani usiku na mchana, unga mweupe laini, ukikutana na chumvi ya baharini unafanya ukoko, na ukoko ukishika feni mashine inapata homa. Nilisafisha feni wiki nzima. Nikadhani ananidharau kwa kuwa ni mwanamke. Baadaye nikajua kila aliyepita pale alianza na brashi, na mimi pia nimewaanzisha wote kwa brashi, na wote wamedhani nawadharau.

Neno lake kubwa lilikuwa moja. Ukimwendea na tatizo ukaanza, "Mimi nadhani," alikuwa anainua mkono. "Usinambie unavyodhani. Nambie mashine imesema nini." Niliporudi na jibu aliuliza tena, "Imesema hivyo, au wewe umesoma hivyo?" Kwetu tulikuwa watu wa mashamba ya mikarafuu, zamani hizo. Mashamba sikuyaona, nilichorithi ni pua ya Kiarabu na tabia ya kuamini kwamba nikishasema jambo mara moja, limetosha. Bwana Ramesh aliihangaikia sana tabia hiyo. Pua aliiacha.

Kulikuwa na mila moja ghalani ambayo hakuna aliyeiandika popote. Mkubwa haambiwi, "Umekosea." Ukiona kosa lake unamwendea unasema, "Hebu nifundishe hapa, mie sijafahamu." Mkubwa mwenye akili anajua maana yake. Anavuta kiti, anatazama, analiona kosa, analirekebisha, kisha mnaendelea kana kwamba kweli ulikuwa hujafahamu. Nilimfanyia Bwana Ramesh hivyo mara moja, aliponakili orodha ya dawa za mwaka uliopita juu ya ya mwaka ule. Alikuwa ameshavuta kiti kabla sijamaliza kusema. Mafundi wa kutoka nje waliokuja kutufungia mitambo waliona tunapoteza wakati. Mimi niliona ni adabu, na bado naona hivyo. Ila adabu hii ina sharti lake, kwamba mkubwa awe anasikia.

Ya miaka ya katikati nitayapitia haraka, maana mengi mnayajua. Kuta za nyumba ile ni za mawe, nene kama urefu wa mkono, na mtandao wa hewani hauzipenyi, na ruhusa ya kuzitoboa hatupati. Waya wote mnaouona ukipanda kwenye ngazi pamoja na bomba la maji niliupandisha mimi na Bwana Ramesh, yeye akishika ngazi na kunisomea makosa yangu. Kulikuwa na mwaka kompyuta ya maabara ilizimika kila baada ya siku mbili. Tulibadilisha kila kitu mpaka tukafungua kisanduku cha umeme, tukakuta mjusi kafiri ametaga mayai humo, na mama mtu akatukodolea macho kama sisi ndio tuliovamia. Bwana Ramesh aliyahamisha mayai kwa kijiko. Mwaka uliofuata alistaafu, akanikabidhi ufunguo na ile brashi.

Kazi kubwa ya miaka yangu ya mwisho ilikuwa picha za eksirei. Hospitali ina kliniki mbili shamba, moja Mkokotoni na moja Uroa. Zina mashine za eksirei lakini hazina daktari wa kuzisoma picha; yeye yuko mjini. Zamani mtu aliyevunjika nyonga Mkokotoni alipakiwa garini akaletwa mjini ili aambiwe kwamba amevunjika nyonga. Tukaona picha ije peke yake kwa mtandao, mgonjwa abaki kitandani. Kwa kazi hiyo nikaijenga seva ya kupokelea picha, kwa mikono yangu, na nilijivunia.

Niliijenga ndani ya kontena. Kwa asiyejua, kontena ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji, kama kikapu cha chakula cha safari, ili popote utakapoiweka isiombe kitu kwa jirani. Uzuri wake ni kwamba ukiizima na kuiwasha inaanza upya vilevile ilivyofungwa. Ubaya wake ni huohuo: ulichokibadilisha ndani yake hakikumbuki. Kwa hiyo mambo yanayoweza kubadilika tunayaandika nje, kwenye faili la mipangilio, na kontena ikiwashwa inalisoma. Nimewafundisha hivyo wote: unataka kubadilisha kitu, badilisha kwenye faili, washa upya. Nililisema hilo mpaka watu wakawa wananimalizia.

Na jambo moja zaidi mlijue, ndipo mtafahamu yaliyotokea. Kliniki inapotaka kutuma picha inaibishia hodi seva kwanza, kwa jina lake la mtandaoni ambalo halibadiliki hata laini ikibadilika, kisha inajitaja kwa jina na nenosiri. Seva ikikubali inaijibu: mzigo wako upitishe anwani fulani. Kliniki inakwenda ilikoelekezwa. Kwa hiyo seva lazima iambiwe anwani yake inavyoonekana kutoka nje, na anwani hiyo imo kwenye faili la mipangilio. Ikitaja anwani isiyo yake, mgeni anakaribishwa vizuri mlangoni, kisha anaelekezwa nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

Mwaka wangu wa mwisho aliletwa Mwatima aje kushika nafasi yangu. Mwatima ni mtu wa Mkokotoni, mama wa watoto pacha, mwanamke mtaratibu asiyependa kusema zaidi ya linalohitajika. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye hoteli moja ya Uroa, akaiacha kazi hiyo kuja kwetu, na kule nafasi yake ikapata mtu wiki hiyohiyo. Alipewa miezi sita ya matazamio. Miezi sita ikiisha, mimi ndiye niliyetakiwa kuandika barua ya kusema athibitishwe au asithibitishwe. Akikosa kwetu hakuwa na pa kurudi, na alikuwa analijua hilo, nami nilikuwa nalijua.

Wiki ya mwisho ya miezi ile sita hospitali ikabadilisha kampuni inayotuletea mtandao. Laini mpya, na anwani yetu ya nje ikawa mpya. Kazi yenyewe ni ya dakika tano: fungua faili la mipangilio, futa anwani ya zamani, andika mpya, washa upya. Nilimpa Mwatima Jumatatu asubuhi, nikenda zangu kunywa chai.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Alikuwa Haji, anayepiga eksirei Mkokotoni.

"Bi Zuwena, shikamoo. Huku picha hazipiti."

"Marahaba. Inasemaje?"

"Inatukaribisha vizuri. Kisha tunangoja, tunangoja, inakata."

Nikamgeukia Mwatima. "Umeandika anwani?"

"Nshaandika, Bi Zuwena."

"Na kuwasha upya?"

"Nshawasha mara tatu."

"Basi washa ya nne."

Akawasha ya nne. Haikubadilika kitu. Nikaja mwenyewe nikalifungua faili, nikaikuta anwani mpya imeandikwa, safi, haina nukta iliyozidi. Tukamwambia Haji atusomee maneno ambayo kompyuta yake inajibiwa na seva. Akasoma polepole, nambari kwa nambari. Seva ilikuwa inataja anwani ya zamani.

Faili linasema hivi, seva inasema vile. Hii ndiyo aina ya tatizo linalowatoa mafundi jasho, maana huna kosa la kulishika. Nilimfundisha Mwatima hila moja ya Bwana Ramesh, nanyi ichukueni. Ukiwa na shaka kama mashine inalisoma faili lako, liharibu kwa makusudi. Andika humo neno la upuuzi. Kama inalisoma, italalamika. Isipolalamika, inasoma jengine. Tukaandika upuuzi. Seva ikagoma kuwaka, ikautaja na mstari wenyewe. Kwa hiyo faili ilikuwa inalisoma. Ilisoma kila kitu humo, kisha kwenye anwani ikafanya itakavyo.

Hapo mimi niliamua kwamba Mwatima amekosea mahali. Mashine haikuniambia hivyo. Nilidhani.

Jumanne alinijia mezani, amesimama kando kidogo. "Bi Zuwena, hebu nsomee hii amri ya kuwashia. Mie sijaifahamu vizuri."

Amri ya kuwashia ni faili dogo linaloiambia kontena ianze vipi. Niliiandika siku seva ilipozaliwa. Sikuinua uso. "Hiyo niliiandika mwenyewe, haina tabu. Rudi kwenye mipangilio."

Mlionisoma mpaka hapa mmeshaelewa. Mimi, niliyeijua mila ile tangu ghala ya dawa, nilikuwa bado.

Jumatano akaja ameichapa kwenye karatasi. "Nifundishe huu mstari wa mwisho tu." Nilikuwa na gilasi ya chai mkononi na meza imejaa. Nikaichukua karatasi nikasema nitaitazama, nikaweka gilasi juu yake. Alhamisi mchana, watu wametoka kula na tumebaki wawili, akasema taratibu, "Bi Zuwena, ukipata nafasi. Nna kitu hakijanikaa kwenye ile amri."

"Mwatima," nikamwambia, "mtu akishindwa na analolijua hakimbilii asilolijua."

Akasema, "Haya, Bi Zuwena," akarudi kwenye kiti chake.

Siku zote hizo picha zilisafiri kwa flashi, ndani ya gari la kliniki, kama zamani. Bibi mmoja wa Mkokotoni aliteleza kisimani, akalala na nyonga yake kutoka asubuhi mpaka alasiri akingoja flashi ifike mjini, daktari aisome, na jibu lirudi kwa simu. Daktari Mbarouk akaniita. Aliniuliza kuna nini, na nikamjibu kwamba maelekezo yametolewa lakini hayafuatwi. Akaniuliza vipi kuhusu barua, maana miezi sita inakwisha kesho.

Niliiandika Alhamisi ileile, robo saa haikufika. Niliandika kwamba Mwatima ni mtu mwema lakini hafuati maelekezo ipasavyo, kwamba amepewa kazi ya dakika tano akaifanya siku nne bila kuimaliza, na kwamba kwa masikitiko napendekeza asithibitishwe. Nakumbuka nilisita kwenye "kwa masikitiko", nikaona inakaa vizuri, nikaiacha. Nikatia saini na kumpelekea Bi Saumu, katibu wa mkurugenzi, mwenye muhuri na majalada ya wafanyakazi wote.

Ijumaa asubuhi Mwatima aliomba ruhusa akapanda gari la kliniki kwenda Mkokotoni, akaitazame hitilafu kutoka upande wa kule, na arudi na picha za siku hiyo. Nikampa. Nikabaki peke yangu chumbani na azma moja: niitengeneze seva kabla hajarudi, ionekane jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi.

Nikalipitia faili la mipangilio mara mbili. Nikatafuta karatasi ya kuandikia. Iliyokuwa karibu ilikuwa chini ya gilasi ya chai, ina duara la chai katikati. Nikaigeuza nitumie mgongo wake, kisha jicho likaangukia upande uliochapwa, mstari wa mwisho. Mstari ule uliiambia seva: soma faili la mipangilio, lakini anwani iwe hii. Na "hii" ilikuwa ya zamani. Pembeni yake yamechapwa maneno niliyoyaacha mwenyewe kwenye faili la amri, "Z. Kwa leo tu."

Kwa seva za namna ile, inaloambiwa kwenye amri ya kuwashia ndilo linaloshinda. Faili inalisoma, linaheshimiwa kwa mengine yote, lakini kwa lile lililotajwa kwenye amri halina neno. Nikakumbuka. Siku ya kuizindua, wageni walikuwa wameshafika kwenye ngazi, anwani ya kwenye faili imekataa kushika na sikuwa na wakati wa kutafuta sababu, nikaibandika moja kwa moja kwenye amri. Ikafanya kazi. Wageni wakaona picha inatoka Uroa, wakafurahi, wakala sambusa. Baadaye nikalirekebisha faili, ule mstari nikausahau. Miaka yote iliyofuata zilikuwa anwani mbili zinazosema kitu kimoja, na hakuna aliyekuwa na haja ya kujua ni ipi inayosikilizwa.

Chini ya mstari huo palikuwa na alama ya penseli, nyembamba, ya mtu anayeogopa kukwaruza karatasi. Aliyeichora si mimi.

Niliona aibu. Sitaipamba. Masikio yaliungua kama mtoto aliyefumaniwa sukarini, nami ni mwanamke mwenye wajukuu. Nyani haoni kundule, husema watu, na kwa kawaida nasema mimi, nikiwasema wengine. Nikainua simu.

"Mwatima."

"Naam, Bi Zuwena."

"Ule mstari wa mwisho."

Nilisikia magari ya Mkokotoni na mtu anayenadi samaki. "Naam," akasema.

"Uliufahamu lini?"

"Jumanne."

"Kwa nini hukunambia?"

"Nlikwambia, Bi Zuwena." Sauti haikupanda wala haikushuka. "Mara tatu."

Nikasema lile ambalo ningepaswa kulisikia. "Basi nifundishe. Mie sijafahamu. Niufanyeje?"

"Ufute, Bi Zuwena. Faili lako halina tabu. Kisha washa upya."

Nikaufuta. Nikawasha upya. Haukupita muda nikamsikia Haji nyuma yake akipiga ukelele kwamba imekwenda, na kwenye kioo changu ikajitokeza picha ya bega la mtu nisiyemjua, nyeupe juu ya nyeusi, mfupa mzima kabisa.

Nataka kusema jambo hapa, na kila mtu alipime mwenyewe. Mwatima alikuwa na adabu. Lakini bibi wa kisimani hakuuliza nani ana adabu. Alilala na nyonga yake kutwa nzima huku mjini watu wawili wana dawa yake, mmoja hasemi wazi na mwengine hasikii. Nilimwambia Mwatima baadaye kwamba siku nyengine aufute mstari bila kuniuliza. Akanitazama akasema, "Nngeufuta, Bi Zuwena, ungesema nimeiharibu seva yako." Na ni kweli ningesema.

Kutoka chumbani mwangu mpaka ofisi ya mkurugenzi ni ngazi thelathini na moja, na Ijumaa ile nilizipanda bila kupumzika. Nilimweleza Daktari Mbarouk yote, amri, mstari, "kwa leo tu". Muungwana akivuliwa nguo huchutama, nikamwambia. Kosa ni langu, barua ile naifuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu wa haki. Akaagiza Mwatima athibitishwe siku ileile, kabla ya sala ya Ijumaa, na hakunikemea, ingawa kukemewa kungenisaidia.

"Ila barua haifutwi," akasema. "Ikishagongwa muhuri haitoki kwenye jalada. Andika nyengine."

Nikaandika nyengine. Robo saa haikutosha, hata saa haikutosha. Nikaipeleka kwa Bi Saumu, nikamwomba aiweke juu ya ile ya kwanza, ili atakayelifungua jalada akutane na hii.

"Jalada linakwenda kwa tarehe, Bi Zuwena," akanijibu, kwa upole, huku akitoboa tundu. "Ya mwanzo mwanzo." Nikamwambia hizi zinapishana siku moja tu. Akasema siku ni siku.

Akalifungua jalada la Mwatima ili aifunge barua mpya kwa uzi, na ndipo nilipoiona tena ile yangu ya Alhamisi. Saini yangu ilikuwa pale nilipoiacha, kubwa, yenye mkia. Chini yake kulikuwa na saini nyengine, ndogo. Nilikuwa nimesahau utaratibu: mfanyakazi anapoandikiwa barua ya namna hiyo huitwa aisome, na akishaisoma anatia saini kwamba ameisoma, na kuna nafasi ya mistari mitano ya kujitetea.

"Aliisoma lini?" nikamuuliza Bi Saumu.

"Jana jioni, kabla hajaondoka."

Ile mistari mitano ilikuwa mitupu. Alikuwa amesoma Alhamisi kwamba hafuati maelekezo, kwamba asithibitishwe, "kwa masikitiko", na anajua kosa la nani, na ushahidi umo mezani kwangu chini ya gilasi. Kisha Ijumaa asubuhi akaomba ruhusa, akapanda gari kwenda kuwaletea wagonjwa picha zao, na nilipompigia simu akaitika naam.

Mwatima sasa ndiye mkubwa wenu. Barua ile hatujaizungumza, wala yeye hatawasimulia. Lakini siku moja mtu atalifungua jalada lake, kwa uhamisho au kwa cheo, na ataanza na barua ya kwanza, kwa kuwa ndivyo tarehe inavyotaka. Huyo mtu mwambieni kwamba wa saini ya juu ndiye aliyekosea, na wa saini ya chini alikuwa anajua.